Mwenye Kutubu Asifungiwe Mlango wa Riziki

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mwenye kupokea toba za waja wake, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyeletwa kuwa rehema kwa viumbe vyote, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika darsa yetu ilisomwa barua iliyotujia kutoka Nakuru. Aliyeiandika ni kijana wa huku kwetu Pwani. Jina lake hatulitaji, na twawaomba wasomaji wasilitafute, kwani aliyesitiriwa hafai kufunuliwa. Alipanda bara akiwa utingo wa lori katika njia ile ya Mombasa hadi Uganda, akajifunza udereva, akaoa, akakaa Nakuru. Usiku mmoja, penye kupakia mizigo, aligombana na mwenziwe juu ya ujira, hasira zikampanda, akampiga. Asubuhi yake alifikishwa mahkamani. Akashauriwa na waliokuwa pamoja naye akiri upesi yaishe, akakiri, akatozwa faini, akailipa. Baadaye alimwendea yule aliyempiga, akamtaka radhi, na yule akamsamehe.

Ikapita miaka mitatu. Akataka kuacha safari za mbali aendeshe matatu mle mle mjini, apate kulala kwake na kuwaona watoto. Akaambiwa alete cheti cha tabia njema. Alipotiwa wino vidoleni, ile hukumu ya kale ikatokea. Tangu siku hiyo kila mlango aubishao wafungwa. Alimwendea mfanyi biashara mmoja Mwislamu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akajibiwa kuwa biashara ni amana. Akaomba hata kazi ya ulinzi wa usiku msikitini, nako akaambiwa kamati yaogopa maneno ya watu. Mwisho akaandika: "Mashekhe zangu, asiyenijua akinikataa sishangai. Lakini huyu bega lake lagusana na langu katika safu kila alfajiri. Je, dhambi yangu haina mwisho? Na nikipewa karatasi ya kuomba kazi iniulize kama nimepata kuhukumiwa, yajuzu niseme sijapata?"

Hayo ndiyo masuali mawili. Tumeona tuyajibu humu kwa uwazi, kwani watoto wetu walioko Nakuru, Naivasha, Gilgil na Eldoret wakitafuta riziki ni wengi, na yaliyompata huyu yaweza kumpata yeyote katika wao.

Kwanza yatupasa tulifahamu jambo lenyewe, maana hukumu ya kitu hufuata kukifahamu. Sheria ya Adhabu ya Kenya imeyagawa makosa mafungu mawili. Kosa ambalo adhabu yake ni kifo, au kifungo cha miaka mitatu au zaidi, ni kosa kubwa. Lisilofikia hapo ni kosa dogo. Kumpiga mtu bila ya kumjeruhi na kufanya fujo hadharani ni katika hayo madogo. Tena ziko sheria ndogo ndogo za miji, ambazo mtu akitandaza ndizi zake mahali pasiporuhusiwa huweza kulala ndani na kesho yake kusimama mbele ya hakimu. Makosa haya humkuta maskini zaidi kuliko tajiri, kwani maskini ndiye ashindaye barabarani. Na wengi hukiri bila ya kupima, wakidhani kwamba faini ikishalipwa daftari limefungwa. Kumbe daftari liko wazi.

Cheti cha tabia njema hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai. Mtu huomba, akalipa ada, na alama za vidole vyake zikalinganishwa na zile zilizohifadhiwa. Cheti hicho hutumika mwaka mmoja, kisha mwenye kukihitaji hukiomba upya. Dereva wa gari la abiria hutakiwa akitoe, makampuni mengi ya ulinzi hukidai, na wanaokwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba huulizwa vile vile. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 imemkataza mwajiri kumbagua mtu kwa rangi yake, dini yake, jinsi yake na mengineyo, lakini katika hayo iliyoyahesabu haikumtaja mtu aliyewahi kuhukumiwa. Basi huyu amebaki mikononi mwa watu, na watu ndio sisi.

Na Nakuru ni mji unaojua uzito wa karatasi juu ya mtu. Reli iliyoanzia Mombasa iliufikia mwaka 1900, kisha mashamba ya pande zile yakashikwa na masetla wa Kizungu. Mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuandikisha wenyeji, nayo ikaanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume wa Kiafrika aliyetimia miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande, chenye alama za vidole vyake na khabari za kazi alizofanya. Kipande hicho kilitiwa katika kijaluba cha bati kikavaliwa shingoni. Aliyetoka katika shamba la setla bila ya kuandikiwa kwamba ameachishwa alihesabiwa mtoro, na hakupata kazi kwa mwengine ila kwa khatari ya kushitakiwa. Wazee wetu waliona uchungu mkubwa kwa kipande kile, nacho kikaondolewa kwa sheria mpya ya mwaka 1947. Leo hatumwambii mtu avae bati shingoni. Lakini mtu aliyekwisha kulipa faini yake na kusamehewa na aliyemkosea, tukimsomea kosa lile kila aendapo, ni nini tulichomvisha?

Sasa tukirudi katika Kitabu cha Mola wetu, twamwona mtu aliyetafuta kazi naye ana khabari nzito nyuma yake. Huyo ni Nabii Musa, amani imshukie. Katika Suratul Qasas tumesimuliwa kwamba alimpiga ngumi mtu mmoja wa Misri, na yule mtu akafa. Hakukusudia kuua. Alijuta papo hapo, akamwomba Mola wake msamaha, na Mola akamsamehe. Lakini watu wa Firauni hawakusamehe. Walishauriana kumuua, naye akatoka mjini akikhofu, hana mali wala mwenyeji, mpaka akafika Madyana. Musa ni Mtume mteule, na haifai kumfananisha naye mmoja wetu. Hata hivyo visa vya Mitume tumesimuliwa ili tuzingatie, na katika kisa hiki mna mazingatio matatu kwa mwenye kuajiri na mwenye kuajiriwa.

La kwanza, Musa alipoitwa nyumbani kwa yule mzee alimsimulia khabari zake mwenyewe. Hakungoja mzee aje azisikie sokoni. Na mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha neno lake la kwanza lilikuwa la kumtuliza, kwamba asikhofu, kwani ameokoka na watu madhalimu. Je, ni wangapi katika sisi wanaomsikiliza mtu hadi mwisho? Sisi tukisikia neno mahkama tu masikio yetu yaziba.

La pili, binti wa yule mzee alimshauri babake amwajiri, akasema kwamba mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu aliye mwaminifu. Aliyajuaje hayo, na Musa ni mgeni asiye na shahidi? Aliyajua kwa aliyoyaona siku ile. Alimwona akiwanyweshea wanyama wao bila ya kutaka malipo, na wafasiri wamesema alimwona akizuia macho yake. Alimpima kwa kazi yake na adabu yake za wakati ule. Na hivyo ndivyo ipasavyo kumpima mtu.

La tatu, mkataba ulikuwa wazi. Miaka minane, na akitimiza kumi ni ihsani yake. Na mzee akasema kwamba hataki kumtia mashakani. Na hili twalisema khasa kwa ajili ya wale wanaowachukua watu kama hawa kwa sababu wajua hawana pengine pa kwenda, wakawapa nusu ya ujira, na wakinung'unika wakawakumbusha mahkama. Huo si wema. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha, kwa mapokezi ya Bukhari, kwamba mwenye kumtumikisha mtu akaichukua kazi yake kamili na asimpe ujira wake, mgomvi wake siku ya Kiyama ni Mwenyezi Mungu mwenyewe.

Ama suali la kijana, je, dhambi yake haina mwisho? Twamjibu kwamba kwa Mwenyezi Mungu ina mwisho, na mwisho wake ni toba. Katika Suratu Zumar, aya ya 53, waja waliojidhulumu wamekatazwa kukata tamaa na rehema ya Mola wao. Katika Suratul Furqan, aya ya 70, mwenye kutubu, akaamini na kutenda mema ameahidiwa kwamba maovu yake yatabadilishwa yawe mema. Na katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah, mwenye kutubia dhambi amefananishwa na asiye na dhambi. Na toba iliyo na haki ya mtu ndani yake haitimii mpaka haki irudishwe au mwenyewe asamehe. Kijana huyu amejuta, amelipa, ametaka radhi na amesamehewa. Limebaki nini?

Atasema mtu, "Hayo ni baina yake na Mola wake. Mimi nitajuaje kwamba toba yake ni ya kweli?" Suali hili ni la haki, na wanazuoni hawakuliacha. Sisi watu wa Pwani ni wafuasi wa Imamu Shafi, basi na tusikize madhehebu yetu yasemavyo. Mtu aliyemsingizia mwanamke mtwaharifu uzinifu, Qurani katika Suratun Nur imemkatalia ushahidi, kisha ikawavua wale waliotubu na kutengenea. Imamu Shafi amesema kwamba akitubu ushahidi wake hurudi kukubaliwa. Na Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa zetu tangu zamani, ametaja kwamba aliyetubu hujaribiwa kwa muda wa kuweza kudhaniwa ukweli wa toba yake, na wengi wa wanazuoni wameukadiria muda huo kuwa mwaka mmoja. Washereheshaji wakaeleza hekima yake, kwamba katika mwaka hupita misimu yote, na kila msimu huitikisa nafsi kwa namna yake. Sisi twaweza kusema, kaskazi imempitia na kusi imempitia, wakati wa njaa na wakati wa shibe, naye yu vile vile.

Tazameni basi. Cheti cha polisi ni cha mwaka mmoja, na mwaka wa mafaqihi ni mwaka mmoja. Lakini mwaka wa cheti ukimalizika mtu huanza tena kuulizwa yale yale, na mwaka wa mafaqihi ukimalizika kwa wema, mtu hukubaliwa. Tena hukubaliwa katika jambo zito kama ushahidi, ambao kwao hupatikana na kupotea mali, ndoa na hata damu za watu. Ikiwa aliyetubu akatengenea kwa mwaka ushahidi wake wakubaliwa mbele ya kadhi, yawaje asikubaliwe kupima misumari dukani? Na huyu wa kwetu imempitia miaka mitatu.

Wala hatusemi kwamba mwenye mali awe mjinga na mali yake. Kila kosa lipimwe na kazi yenyewe. Aliyekula mali ya yatima asianzie kwenye sanduku la fedha, bali apewe kwanza kazi ya mikono. Aliyekamatwa kwa ulevi asipewe usukani mpaka mwaka umpitie naye yu mzima wa akili. Lakini kumnyima mtu kila kazi kwa kosa lisilohusiana na kazi hiyo, huko si kulinda amana. Ni kujilinda na maneno ya watu, na maneno ya watu si hoja mbele ya Mwenyezi Mungu. Tena msisahau kwamba cheti kisafi chashuhudia tu kwamba mtu hakupata kuhukumiwa. Wako wangapi wenye vyeti visafi, na mizani zao zapunguza? Hao ndio waliokamiwa mwanzo wa Suratul Mutaffifin, na polisi hawana alama ya vidole vyao.

Pia aliletwa mbele ya Mtume (s.a.w.) mtu aliyekunywa ulevi, akaadhibiwa. Alipokwisha kuadhibiwa, mmoja wa waliohudhuria akamwombea Mwenyezi Mungu amhizi. Mtume akamkataza, akawaambia wasimsaidie Shetani juu ya ndugu yao. Kisa hiki kimo katika Bukhari. Adhabu ilikuwa imetimia, na lililozidi juu yake likawa msaada kwa Shetani. Mtu akifukuzwa kwenye duka, akafukuzwa kwenye gari, akafukuzwa msikitini, ni nani atakayempokea? Watampokea wauza gongo na wauza bangi, na wao hawaulizi cheti. Kisha siku akikamatwa kwa kosa kubwa tutasema tulijua tangu hapo kwamba ni mtu mbaya, na tutasahau kwamba sisi ndio tuliomsukuma.

Kuhusu suali la pili, la kukana katika karatasi ya kuomba kazi, twamwambia ndugu yetu kwa upole kwamba haifai. Ni kweli Mwislamu ameamrishwa kujisitiri, wala si lazima kwake kuingia katika kila duka akitangaza alilolifanya. Asipoulizwa na anyamaze. Na ni kweli kwamba Imamu Ghazali ametaja ruhusa ya mtu kukana uchafu alioufanya kwa siri baina yake na Mola wake akiulizwa na mtawala. Lakini jambo hili lilikwisha kutolewa hukumu hadharani, na karatasi ile ni sehemu ya mapatano ya kazi, na katika mapatano hadaa ni haramu. Tena uongo huu haufichiki, kwani vidole vyako ndivyo vitakavyokusuta. Wakati huo utafukuzwa kwa uongo wa leo, na hutakuwa na la kujitetea. Fanya kama alivyofanya Musa, simulia khabari yako mwenyewe kabla hajaisimulia mwengine: nililifanya hili, mwaka fulani, nikalipa, nikasamehewa, na tangu hapo watu hawa wananijua. Akikukataa mmoja, umetoka na ukweli wako. Na riziki yako haikuwekwa katika mkono wa mtu mmoja.

Yamebaki yatupasayo sisi jamaa.

Kwanza, tuwe mashahidi. Mwenye kumjua mtu aliyetengenea asifiche ushahidi wake. Imamu na wazee wawili wa mtaa wakiandika barua ya kwamba twamjua huyu kwa mwaka au zaidi, twamwona katika swala na katika muamala, na hatujaona kwake ila kheri, barua hiyo yaweza kumfungulia mlango. Lakini isiandikwe kwa huruma tupu, kwani ushahidi ni amana, na ukiandikwa wa uongo mmoja utawaharibia wakweli kumi.

Pili, zaka. Katika mafungu manane yaliyotajwa katika Suratu Tawba, aya ya 60, wamo mafukara, maskini na wenye madeni. Imamu Nawawi amesahihisha kwamba hata aliyejitia katika deni kwa ajili ya maasi, akitubu hupewa. Basi kijana aliyekopa kulipa faini, au aliyekosa kazi akahitaji rukwama na mtaji wa matunda, ana haki humo. Twatumia fedha nyingi katika harusi za siku tatu, na rukwama moja yaweza kulisha nyumba ya watu watano.

Tatu, tuwafundishe vijana wetu kabla hawajapanda bara. Wajue kwamba kukiri mahkamani ni jambo zito, na asikiri mtu kosa asilolitenda kwa kutaka tu kurudi nyumbani mapema. Aliyetenda na akiri, na aombe kwa adabu apewe adhabu ya kutumikia jamii, ambayo sheria ya mwaka 1998 imeiruhusu kwa makosa ya namna hii, akafanya kazi ya manufaa ya watu badala ya kwenda gerezani. Na ajabu ni kwamba mahkama huweza kumwamini mtu huyo kufanya kazi ya umma, na sisi tunaoswali naye tukakataa kumwamini na ufagio.

Nne, tuzuie ndimi zetu. Suratul Hujurat imetukataza kuitana majina mabaya, kupelelezana na kusengenyana. Kumwita mtu kwa kosa alilolitubia ni katika hayo.

Barua ya kijana tumeijibu kwa haya mliyoyasoma. Tena tumewaandikia jamaa zetu wa Nakuru, ambao wanamwona kila siku na wana haki zaidi ya kushuhudia kuliko sisi tulio mbali, tukiwaomba wakae naye, wamuulize, na wakiridhika naye wamwandikie. Na kwa yule mwenye duka, ikiwa karatasi hii itamfikia, hatuna la kumlaumu zaidi ya kumkumbusha. Kesho alfajiri mtasimama tena bega kwa bega, na nyote wawili mtamwomba Mola mmoja awasamehe. Yeye aomba asamehewe lililojulikana. Wewe waomba usamehewe yaliyositiriwa. Ukitaka mlango ufunguliwe kwako, mfungulie nduguyo.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyadhihirisha na tuliyoyaficha, wape riziki ya halali vijana wetu walioko mbali na makwao, na usitujaalie kuwa wasaidizi wa Shetani juu ya ndugu zetu. Amin.